Siku Niliyotembea Juu ya Turubai la Bwawa Mbele ya Mama Mkwe

Nianze na aibu yenyewe ili mcheke mmalize, ndipo nisimulie vizuri: mama mkwe wangu ameniona bila suruali. Mchana kweupe, mke wangu akiwepo, na walimu waliokuja kwenye semina wakiwa wamejipanga barazani na simu zao mkononi. Kama hujaoa Uhaya utasema ni jambo dogo. Kwetu mkwe na mama mkwe wanaheshimiana mpaka inapitiliza, hamshikani mikono, hamkai benchi moja, na mama wa zamani kama huyu wangu, Ma Justina wa Maruku, hata kuongea na mimi alikuwa anapitishia kwa mke wangu. Nimekaa hapa, anamgeukia Koku, "Mwambie Baba Kemi chai yake inapoa." Na mimi namjibu Koku, "Mwambie mama nashukuru." Tulikwenda hivyo tangu ndoa, na tulipendana sana.

Sasa mimi ni msimamizi wa loji moja huku Muleba, kwenye mteremko unaotazama ziwa, na naishi humo humo na Koku na binti yetu Kemi, ambaye siku hizo alikuwa anajua kukimbia kuliko kutembea. Loji ina bwawa la kuogelea, na bwawa hilo lilitutesa. Vyura walihamia kabisa, tumbili wakawa wanakuja kunywa na kutuachia maganda ya ndizi majini, na asubuhi moja mgeni alishuka na taulo begani akamkuta kenge, mrefu kama mbao ya kuezekea, anaogelea taratibu kana kwamba amelipia chumba. (Mgeni alihama siku hiyo hiyo. Kenge alibaki.)

Ndipo mwenye loji alipoleta turubai maalumu la kufunika bwawa, zito, la bluu iliyokolea, lenye vitundu vidogo vya kupitisha mvua, na pembeni lina mikanda yenye springi na ndoano, kila ndoano inakamata chuma kilichochimbiwa kwenye sakafu. Fundi alipomaliza kulifunga akapanda juu yake na viatu vyake, akatembea toka upande huu mpaka ule huku maji yakiwa chini yake, na mimi nikabaki mdomo wazi. Nilikuwa sijawahi kuona mtu akitembea juu ya maji. Akaniambia turubai hili linazuia wanyama na watoto pia wasitumbukie, mradi ndoano zote ziwe zimefungwa. Nilimsikia vizuri kabisa, naomba mlijue hilo.

Turubai lenyewe halikumshawishi Ma Justina. Ziwa lilimchukulia mdogo wake huko Rubafu walipokuwa wasichana, na tangu hapo akiona maji mengi anatazama pembeni. Aliposikia mjukuu wake analala hatua chache kutoka kwenye bwawa, akampigia Koku, "Mwambie mume wako nakuja kuliona hilo shimo. Nisiporidhika, mtoto naondoka naye." Na Ma Justina hana mzaha. Ni mzee wa usharika, akisema neno hata mchungaji anatafuta pa kukaa. Nikaingiwa na hofu ya kweli, maana nyumba bila Kemi sikuweza hata kuiwaza.

Asubuhi ya siku aliyokuja, Mungu akashusha senene.

Nimezaliwa Buhembe, panzi hawa wa kijani nimewala tangu sijaota meno, lakini namna ile sikuwahi kuiona. Jua lilikuwa linachomoza ziwani na wao wanashuka, wengi hadi mwanga ukawa wa kijani, wanadondoka kwenye migomba, kwenye mabati, kwenye kichwa changu, na zaidi ya yote wanadondoka juu ya turubai. Sijui waliliona nini, bluu ile labda ilikuwa mbingu ya pili kwao. Kwa muda mfupi bluu yote ikapotea, bwawa zima likawa zulia la kijani linalopumua. Nilisimama pale na ndoo mkononi, machozi yakanilenga, nikasema kwa Kihaya waitu, Bwana wetu, mimi ni nani.

Halafu tamaa ikaniingia. Nikaona nimkabidhi mama mkwe gunia zima la senene, aone jinsi mahali pa mjukuu wake palivyobarikiwa. Kuwaokota mmoja mmoja kungechukua asubuhi yote, kwa hiyo nikafungua ndoano za upande wa kina kifupi, nikanyanyua ukingo wa turubai kama mtu anavyonyanyua mkeka wenye maharage, senene wakaporomokea kwenye gunia. Gunia halikuwa na kamba. Nikavua mkanda wa suruali nikalifungia mdomo. (Suruali ilikuwa ya suti ya kaka yangu, na kaka yangu ni mtu wa kitambi.) Nikawa nasema nitarudisha ndoano, nitarudisha mkanda, mara nasikia gari getini. Ma Justina amewahi. Nikautupa ukingo wa turubai mahali pake, ukalala vizuri tu, ukionekana umefungwa, nikakimbilia getini nimeshika suruali kwa mkono mmoja.

Tukamkaribisha, akakalishwa kwenye kiti kando ya bwawa, upande ule ule wa kina kifupi, gauni lake la gomesi limenyooka, Kemi mapajani, akapewa akamwani, zile buni kavu za kutafuna, akatafuna akiliangalia bwawa. Baadaye akamgeukia Koku.

"Mwambie mume wako hiki ni kitambaa."

"Mama anasema ni kitambaa," Koku akaniambia, ingawa nilikuwa nimesimama hapo hapo.

"Mwambie mama hiki kinabeba mtu mzima."

"Mwambie mume wako maneno hayabebi mtu."

Barazani walimu wakacheka. Basi mimi badala ya kunyamaza nikaenda upande wa pili, kwenye kina kirefu, nikapanda juu ya turubai. Jamani, lilinibeba! Nilitembea, senene waliobaki wakiruka kando ya miguu yangu, chini nasikia maji yanagonga, na mimi nimenyoosha mikono kama askofu. Walimu wakapiga makofi. Nikaongeza madoido, nikarukaruka kidogo. Nikawa namsogelea mama mkwe natabasamu, najiambia mtoto amebaki, mtoto amebaki, mpaka nilipofika pale nilipokuwa nimezifungua zile ndoano.

Turubai liliinama mbele yangu, nikateleza kwa makalio nikaingia majini na senene wangu, nikameza wawili wabichi. Nilipoibuka maji yalinifika kifuani, na kicheko cha barazani nadhani kilisikika Bukoba mjini. Nilitaka kuzama tena kwa hiari yangu.

Mara kicheko kikakatika. Nikageuka. Wakati watu wote wananiangalia mimi, Kemi alikuwa ameteleza mapajani mwa bibi yake akazunguka bwawa, akapanda kule nilikopandia mimi baba yake, na sasa anakuja juu ya turubai na viguu vyake vitupu.

"Baba! Nakuja!"

Turubai hata halikubonyea kwa uzito wake. Alikuwa anapita juu ya maji yanayommeza mtu mzima, senene wanapaa kila anapokanyaga, wanamzunguka, na yeye anacheka. Nilimwona mwanangu kama sijawahi kumwona. Na nikajua akifika huku kwangu, lile turubai lililolegea litamwingiza chini yake, mahali ambapo hata kumtafuta ni shida.

Nikaukamata ukingo uliolegea kwa mikono miwili, nikauinua juu ya kichwa na kuuvuta kwa nguvu zangu zote mpaka ukanyooka. Na hapo, ndugu zangu, suruali ya kaka ikaamua kuondoka. Niliisikia inashuka mapajani, magotini, na maji ya bwawa letu, kwa sababu ya turubai lile lile, ni safi ajabu, unaona sarafu iliyodondoka chini. Sitasema uongo, nilishusha mkono mmoja. Kidogo tu. Turubai likainama, Kemi akayumba.

"Eliudi! Usiachie!"

Ilikuwa sauti ya Ma Justina. Jina langu, kutoka kinywani mwake, moja kwa moja. Mkono ulirudi juu wenyewe.

Kemi akaendelea kuja, nasikia kila hatua yake kwenye viganja vyangu, na mama mkwe wangu, yule asiyetazama maji, akashuka ngazi za bwawa na gomesi lake likamvimba kiunoni, akaja mpaka kifuani kwangu, akanyoosha mikono akampokea mtoto. Tulitazamana. Akaangalia chini, akaona alichokiona, akapanda ngazi na mtoto.

Jioni aliondoka na Kemi. Alimwambia Koku amwambie mume wake kwamba turubai ni zuri ila mwenye kulifunga bado. Nililia, sioni haya kusema, na gunia la senene likabaki jikoni hakuna aliyeligusa.

Kuanzia hapo nimeweka uzio na geti kuzunguka bwawa, na kila ndoano naishika kwa mkono wangu, asubuhi na jioni. Nimeapa hakuna atakayepanda juu ya turubai lile kwa maonyesho, kwanza kabisa mimi. Walimu walinisambaza kwenye simu mpaka wateja wananiita mtume aliyetembea juu ya maji, nami naitika.

Kazi ya uzio ilipokwisha nikaenda Maruku na Koku. Nilikaa benchi la mbali, macho chini, nikimsubiri Koku aanze kutafsiri. Ma Justina akatoka ndani amembeba Kemi, akampita binti yake, akaja kusimama mbele yangu.

"Umefunga zote?"

"Zote, mama."

"Umezishika?"

"Moja moja."

Akaniwekea yeye mwenyewe mtoto mikononi.