Nyumba Iliyotangulia Watoto

Nakumbuka asubuhi moja kule Ntobeye, mwanangu, miaka ile wakimbizi walipojaa Ngara, nilipoingia kwa shangazi yangu Stefania na daftari kwapani na kiburi kichwani. Nilikuwa nimetumwa kuhesabu vijana wa kijiji: nani anakaa kwa wazazi, nani ana nyumba yake, nani amepata mtoto.

Nikamwamkia, nikamsomea. Wenye nyumba zao, karibu wote walikuwa na watoto. Waliokaa kwa wazazi, wachache mno. Basi mimi, msomi wa darasa la saba, nilikuwa nimeshaamua kwamba nyumba ndiyo inayoleta watoto. Na kwa kuwa nilikuwa nimemchumbia Koleta, binti wa kijiji cha Kanazi, nilimwambia hatufungi ndoa mpaka nijenge. Yeye alitaka tuanzie kwa mama yangu. Nilimwona hajui mambo.

Shangazi aliendelea kuchambua maharage.

"Huyo mke wa Petro uliyemwandika humo, alipoolewa alipika wapi?"

"Kwa mama mkwe wake."

"Akahama lini?"

"Alipojifungua. Ndipo akapewa mafiga na nyumba yake."

"Basi mtoto ndiye aliyewajengea. Wewe umewakuta wameshahama, unasema nyumba imezaa. Mwoe huyo binti, mlete kwa mama yako."

Nilimcheka moyoni. Bibi asiyejua kusoma anifundishe hesabu? Namba hazidanganyi, nikajisemea. Kweli hazikudanganya, nilijidanganya mwenyewe.

Nikaanza kutafuta miti. Lakini miti na nyasi za kuezekea zilikuwa zimekwisha, maana wale wageni nao walihitaji kuni na pa kulala, wala siwalaumu. Mwaka ukapita, na mwingine, na mwingine. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Koleta alichoka, akaolewa Biharamulo, wakaanzia chumba cha uani kwa wakwe zake. Leo ana wajukuu.

Nyumba nilikuja kuijenga, ya bati, vyumba vitatu. Viwili naweka maharage. Sikuoa kabisa; kwanza kwa hasira, kisha kwa mazoea. Jioni nasikia watoto wa jirani wakiitwa kula, na upweke unanijia, sikufichi. Majuto ni mjukuu, wanasema. Mimi sikupata mwingine.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiona mambo mawili yanatembea pamoja, usikimbilie kusema hili limelizaa lile. Uliza lipi lilitangulia. Uliza kama kuna la tatu lililoyaleta yote mawili, kama ndoa ilivyoleta mtoto na mtoto akaleta nyumba. Na usiliulize daftari peke yake. Muulize mama anayechambua maharage, maana asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Mungu akupe macho ya kuona na masikio ya kusikia mapema. Na utakapozeeka, ukibisha hodi mlangoni kwako jioni, akupe mtu ndani wa kukuitikia.