Picha ya Treni

Watoto wote waliopanda basi la shule la dada yangu walimwita Mama Honi, na jina lilimkaa sawasawa. Alipiga honi akitoka getini, akapiga kwenye kona, akapiga mbele ya duka lililofungwa ambalo hata paka hakuwepo barazani. Mpita njia akilalamika, dada alitoa kichwa dirishani na kumwambia, "Mwenye macho haambiwi tazama!" Watoto huko nyuma wakapiga makofi. Binti yangu naye alipanda basi hilohilo, na kila siku alirudi akinisimulia nani katukanwa. Mimi nilicheka tu. Sikuwahi kujiuliza kwa nini dereva mzuri kama yule apige kelele kiasi kile.

Mimi ni msusi. Saluni yangu ni chumba kimoja chenye viti viwili na kioo kikubwa, na kwenye ukuta unaotazamana na kioo nilitundika picha tuliyoikuta chini kabisa ya sanduku la marehemu mama yetu. Watu saba wako njiani, mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja kaweka mkono begani kwa aliye mbele yake. Anayetangulia ni msichana mdogo. Huyo ni mama. Tulimtambua kwa yale masikio yake. Waliobaki hatukuwajua. Mama hakupenda kuulizwa habari za kwao. Alisema wote walishakufa isipokuwa dada yake mmoja, na akiulizwa zaidi alikumbuka ghafla kwamba ana kazi jikoni. Basi tukaiita Picha ya Treni, tukaamini tumetoka kwenye ukoo wa watu wenye mzaha.

Jioni moja, jua limeshazama lakini mwanga haujaisha, dada aliingia saluni bila hodi, akaketi kwenye kiti cha mteja.

"Nimegonga geti," alisema.

"Geti la nani?"

"La shule."

"Lilikufuata barabarani?"

Hakucheka. "Wewe, nisikilize. Sikuliona. Halikuwepo, halafu likawepo. Watoto walikuwa ndani. Wako alikuwa kiti cha mbele."

Kicheko kilinikauka mdomoni. Hakuna mtoto aliyeumia, taa moja tu ya basi ilivunjika, lakini dada alilia kama aliyetoka kuzika. Ndipo akanieleza yote. Giza likianza kuingia, macho yake hufunikwa kama kwa kitambaa. Pembeni haoni kitu, ni mpaka mtu afike mbele yake. Alipiga honi ili watu wajiondoe wenyewe.

"Mnadhani mimi mkorofi," alisema. "Ni woga."

Daktari wa macho alimkalisha chumba cha giza, akammulika mboni kwa muda mrefu, kisha akauliza kwenu nani mwingine haoni. Tukajibu kwa pamoja kwamba hakuna. Akatuambia ugonjwa wa namna hiyo mara nyingi hutembea na damu ya ukoo, na kwamba dawa yake hana. Huanza na giza la jioni, ukala pembeni kidogo kidogo, halafu ukafunga. Akatutuma tuwaulize wakubwa wetu uliwachukua kwa kasi gani. Kuhusu basi, alimwambia aache kuliendesha.

"Yeye mwenyewe kavaa miwani, atajua nini habari za macho?" dada alisema tulipotoka nje.

Kesho yake akaendesha tena. Nilimsihi, nikamtishia kumsema kwa mwalimu mkuu, akaniapia kwamba angerudi kila siku kabla ya jua kuzama. Binti yangu nilimpeleka shule kwa miguu, nikimbana mkono mpaka akalalamika. Basi likatupita karibu mno, honi inalia, na dada hakutusalimia. Nilidhani kaninunia. Baadaye nilielewa kwamba hakutuona.

Aliyenifumbua macho ni mteja wangu mmoja, mwalimu mstaafu mwenye mdomo mrefu. Nilikuwa nimefika katikati ya kichwa chake, naye anaitazama ile picha kwa kupitia kioo.

"Hivi hawa jamaa zako waligombana na mpiga picha?" aliuliza.

"Kwa nini?"

"Anayemtazama ni mtoto tu. Wengine kila mtu na upande wake."

Niligeuka. Mzee anayemfuata mama alikuwa katazama juu mawinguni. Wanawake wawili nyuma yake wametazama majani. Kijana wa mwisho kafumba macho kabisa. Na ile mikono mabegani, tuliyoiona siku zote kuwa ni ya upendo, vidole vyake vilikuwa vimekamata nguo kwa nguvu, kama mtu anayeogopa kuachwa. Nilimwomba mwalimu aje nimmalizie kesho, akaondoka na nusu kichwa na matusi kamili.

Siku ya mapumziko tulikwenda kwa mama mkubwa, yule dada yake mama aliyebaki. Watu walimwita Malkia kwa maringo. Haonekani harusini wala msibani. Anayemtaka amfuate kwake. Na ukifika kwake usithubutu kusogeza kiti, maana utafukuzwa chai ikiwa mdomoni. Tangu utoto tulijua kwamba ni kiburi.

"Msusi, nyanyua miguu, unaburuza viatu," alisema kabla hatujafika mlangoni.

Akatukaribisha, akamimina chai mwenyewe. Nilimwona kidole kimeingia ndani ya kikombe, kinangoja chai ikiguse. Alikuwa akifanya hivyo miaka yote, nami miaka yote nilikuwa nikiona kinyaa na kunyamaza. Nilitaka kumshika dada mkono tuondoke, tusiulize kitu. Lakini dada hajawahi kuwa na subira. Akamwekea picha mkononi.

"Mama mkubwa, hebu tueleze hii."

Mama mkubwa aliipokea, akaisogeza mbali kidogo na uso kama wafanyavyo wazee, akatabasamu. "Mmependeza, wanangu. Ila wewe dereva umenenepa."

Picha ilikuwa kichwa chini.

Sijawahi kuogopa vile maishani mwangu. "Mama mkubwa," dada alisema taratibu, "sisi hatumo kwenye hiyo picha."

Tabasamu likamwondoka. Alipapasa pembe za ile karatasi, akafika kwenye upande uliochanika, akauliza kama ni ile ya njiani, wako saba. Tukasema ndiyo.

"Basi mimi ni wa tatu," alisema. "Mwenye kamera alipita, akatuambia tusimame. Hatukujua katupiga mpaka alipotuletea. Akasema tumependeza. Nani angembishia?"

"Wote hamkuwa mnaona?" niliuliza.

"Wengine kidogo, wengine kabisa. Mama yenu ndiye aliyekuwa macho yetu. Alituongoza mpaka siku alipoposwa. Wakwe wangejua, wasingemchukua, kwa hiyo akatuua wote kwa mdomo. Mimi alinibakiza hai kwa sababu nilijua kujifanya naona." Akasukuma kikombe mahali pake. "Msimlaumu. Mficha maradhi kilio humfichua, sawa, lakini yeye alikuwa anawaficha ninyi."

"Mama aliona vizuri mpaka anakufa," nikasema.

"Ugonjwa ulimruka. Huwa unaruka mtu."

Dada alikuwa kaukamata ufunguo wa basi kwa mikono miwili. "Kitu gani kinaondoka mwisho?" aliuliza.

"Nyuso," mama mkubwa alimjibu. "Nyuso ukiwa nazo karibu hukaa sana. Watazame watu wako, mwanangu. Watazame vizuri sasa hivi."

Asubuhi iliyofuata dada alikwenda mapema kwa mwalimu mkuu, akamweleza kila kitu, akaweka ufunguo mezani. Kisha akaja saluni, akaketi pembeni siku nzima, akishtuka kila honi ilipolia barabarani. Nilimlilia dada yangu, tena kwa machozi ya kweli. Lakini chini ya machozi hayo nilikuwa nashukuru. Mimi jioni natunga uzi kwenye sindano bila taa. Umeniruka, nilijiambia, umeniruka kama ulivyomruka mama. Nikapata usingizi.

Jioni iliyofuata umeme ulikatika, tukatoa viti uani, binti yangu katikati yetu. Dada aliinua uso.

"Zimetoka?" aliuliza.

"Nini?"

"Nyota."

"Zimejaa," nilimwambia, kisha nikajuta.

"Mwaka juzi nilikuwa naziona chache," alisema. "Sasa ni weusi mtupu." Akajifunika uso kwa kanga.

Binti yangu alipapasa hewani mpaka akapata goti lake. "Usilie, Mama Honi," alisema. "Hakuna mtu anayeziona."

"Nani kakwambia?"

"Si ziko vitabuni tu? Mimi sijawahi kuona hata moja. Nilidhani watu wanasema tu, kama ile ya sungura kuongea."

Dada akaishusha kanga usoni. Nilimvuta mwanangu, nikamshika kidevu, nikamwelekeza pale ziliposongamana zaidi, nikamwambia atazame, atazame tena, asiharakishe. Naye ni mtoto msikivu. Alitazama kwa muda mrefu bila kupepesa.

"Mama," aliniuliza kwa sauti ndogo, "unataka niseme naziona?"