Kitenge cha Kumkisia Mama

Mimi nikimwona mtu anavuka barabara pale sokoni Tabora, tayari nimeshamkatia nguo. Huyu yadi tatu. Yule, kwa nyonga zile, tatu na nusu, na akitaka marinda aongeze moja asibishane nami. Si majivuno, ni macho ya mtu aliyekaa nyuma ya cherehani tangu ujana. Wateja wangu hawaendi dukani kabla hawajapita kwangu kuuliza wanunue kiasi gani. Wanaojifanya wajuaji hurudi na vipande vifupi wakitaka nifanye miujiza. Nawafukuza, kisha nawaita tena.

Lakini mganga hajigangi. Mwaka huu, mdogo wangu wa mwisho alipochumbiwa na kijana wa Kaliua, mtu niliyeshindwa kumkadiria ni mama yangu mzazi.

Mama alikuwa ametoka hospitali baada ya kuumwa muda mrefu. Tulimrudisha nyumbani kwake Itetemia akiwa mifupa na macho. Daktari alisema ugonjwa umekwisha, kilichobaki ni kula na kujizoeza kusimama, ila yeye hata kukaa hakutaka. Alilala akiangalia ukuta. Nyumbani kwetu, siku ya harusi, mama ndiye anayemshika bibi harusi mkono na kumtoa mlangoni kumkabidhi kwa upande wa mume. Mama alitutoa hivyo sisi wote, na huyu wa mwisho alikuwa amemsubiri kwa hamu. Sasa tulishaanza kunong'ona jikoni kwamba shangazi ashike nafasi yake.

Sare ya wanawake wa upande wetu ilikuwa imechaguliwa: kitenge cha kijani chenye ndege wakubwa, wote vichwa juu. Kizuri, lakini cha taabu. Ndege wakielekea upande mmoja huwezi kugeuza kipande ili ubane matumizi, la sivyo mtu atakwenda harusini na ndege miguu juu. Na jora la kitenge hicho lilikuwa moja tu. Mwenye duka alinitumia ujumbe kwamba ndugu zangu wameshachukua zao, limebaki la kumalizia, na mzigo mwingine ukija hana hakika kama utakuwa na rangi ile ile.

Nikachukua tepu yangu, nikaenda Itetemia mbio mbio. Nikatoa shikamoo, mama akaitikia bila kugeuka. Nikaona nisimsumbue. Nikafunua shuka, nikaweka ncha ya tepu begani, nikaanza kuivuta kuelekea miguuni.

Mama akaudaka mkono wangu. Sikujua kama bado alikuwa na nguvu zile.

Lo, mjinga mimi! Kwetu Waislamu anayepimwa amelala chali ni maiti. Wanakuja watu wazima na uzi, wanampima utosini mpaka nyayoni, wakachimbe kaburi la kumtosha. Mimi ninayeyajua hayo yote nilimwinamia mama yangu nikamfanyia vile vile, akiwa hai, macho makavu yananiona. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikaanza kuomba radhi.

"Usinipime nimelala," akasema. "Nitasimama, ndipo unipime."

Nikamwambia jora linakwisha. Akanijibu basi nimkisie, kwani kazi yangu nini? Nikauliza nimkisie yupi, huyu wa leo au yule wa zamani. Ilikuwa hofu tu iliyonisemesha, ila ilitoka kwa ukali.

Mama akageuka kuniangalia. "Wa siku ya harusi," akasema.

Nikiwa nyuma ya bodaboda, njia nzima nabishana na nafsi yangu. Mama wa leo alikuwa yadi tatu, tena zibaki. Mama wa zamani, mwanamke wa mabega na nyonga, mpenda marinda, alikuwa anachukua tano, na moja ya kilemba. Nikinunua kidogo nimeshamzika moyoni. Nikinunua nyingi gauni litampwaya, na wageni wa Kaliua wataona bibi kizee amejifunga pazia. Dukani yule bwana akalibwaga jora mezani, akaniuliza ngapi. Nikamwambia sita. Akanikumbusha kwa upole kwamba alimwona mgonjwa wetu akishushwa garini, tatu zingetosha.

"Kaka, kata sita," nikasema. Akakata.

Kabla sijakigusa kwa mkasi nilimpelekea mama kitenge, nikamtandazia kitandani. Akakipima kwa mkono wake, toka kiwiko hadi ncha ya kidole, taratibu, mpaka akafika mwisho. Kisha akaomba uji, akaumaliza. Kesho yake akataka kukalishwa. Shangazi akamshika huku, mimi kule, na mama akiitukana miguu yake kwa Kinyamwezi mpaka tukacheka wote. Siku nyingine alilia tukamlaza tena. Halafu asubuhi moja akanipigia simu mwenyewe: njoo na tepu.

Nilimkuta amesimama, mgongo ukutani, magoti yanamtetemeka. Nikampima haraka haraka. Alikuwa bado mwembamba. Nikamwambia nitapunguza, kitakachobaki tumshonee mjukuu. Akakataa kabisa, akataka nguo yote iingie kwenye gauni lake. Basi nikafanya ninavyowafanyia watoto wa shule. Nikapiga mshono wa pembeni wa mwili mpana, kisha ndani yake nikapiga mwingine, wa uzi mlegevu, wa kulibana gauni limkae vizuri kama alivyo, na wa kufumuliwa akinenepa. Katika miaka yangu yote ya ushonaji sikuwahi kumwachia mtu wa umri wake nafasi ya kukua.

Alijaribu mara moja, likamkaa, na tangu hapo hakunipa nafasi ya kumjaribisha tena.

Asubuhi ya harusi nikamvalisha. Zipu ikapanda nusu, ikagoma. Nikavuta, ikagoma. Nikamwambia ashushe pumzi, haikusogea. Ndipo nikaelewa, nikamwomba anyanyue mikono. Nikachukua wembe, nikafumua uzi mlegevu upande huu, nikafumua na upande ule, machozi yananidondoka juu ya wale ndege, na mama amesimama wima ananigombeza niache kumlowesha, watu wa Kaliua wameshafika mlangoni.