Fundi wa meno anayewachonga askari waliobaki jangwani

Mchanga unakaangwa. Katika chumba cha nyuma cha kliniki moja ya meno mjini Kitale, Wakiuru Muturi anaukoroga kwa mwiko ndani ya sufuria kuukuu, akiinama kila mara kutazama rangi yake. Ni mchanga wa mto Nzoia, alioubeba mwenyewe kutoka Moi's Bridge ndani ya mfuko wa unga. Ukishakauka ataupepeta kwa chujio la chai hadi ubaki vumbi.

"Bado ni mwekundu," anasema, akiumwaga kiasi kwenye kiganja. "Hii ni rangi ya kwetu. Jangwa si hivi."

Anachukua plasta nyeupe, ileile anayotumia kutoa umbo la ufizi wa mgonjwa, anaichanganya na huo mchanga na rangi kidogo ya manjano, kisha anaipaka juu ya ubao. Anarudi nyuma hatua moja. Anakunja uso. Anakwangua yote na kuanza upya.

Kazi ya kujenga mandhari ya vita kwa vipimo vidogo, yenye watu, magari na ardhi, huitwa diorama. Wenzake wa kliniki hawana haja na jina hilo. Wao husema tu, "jangwa la Wakiuru".

Wakiuru, mwanamke mwenye umri wa miaka 41, ni fundi wa meno bandia. Alizaliwa Moi's Bridge, katika familia ya wakulima wa mahindi waliohamia huko kutoka Murang'a. Meno ndiyo yanayowalisha wanawe wawili. Jangwa, anasema huku akicheka, halijawahi kumlisha mtu.

Lilianza wakati wa korona, wagonjwa walipoogopa kufungua midomo mbele ya watu. Kliniki ikawa tupu. Alibaki na nta, visu vidogo vya kuchongea na taa ya spiriti, bila kinywa hata kimoja cha kutengenezea meno.

Jirani wa wazazi wake, koplo mstaafu Rotich, aliyetumikia jeshi kwa miaka mingi kaskazini mwa Kenya, alimkuta kwao amekaa nje anachonga jogoo wa nta.

"Wewe, kama unaweza kuku, unaweza askari?" alimuuliza.

Wakiuru akamchongea kambi yao ya zamani: mahema mawili, mti mmoja wa miiba, na wanaume sita wamekaa kwenye mchanga wakingoja chai. Kila mmoja alikuwa na urefu wa kidole chake kidogo. Rotich aliiweka sebuleni kando ya televisheni, na wastaafu wenzake walipoiona, nao wakataka.

"Wote walitaka mchanga," Wakiuru anasema. "Mpaka leo hakuna mtu amewahi kuniagiza msitu."

Kisha akaja Lenah Mukhisa.

Mama huyo wa Sirisia, Kaunti ya Bungoma, anakaribia miaka tisini. Aliletwa Kitale na mjukuu wake, Ivy Wanyonyi, karani katika ofisi moja ya serikali mjini Bungoma, ili apimwe meno ya juu. Wakiuru alikuwa anamkorogea dawa ya kuchukulia vipimo pale bibi alipoona rafuni askari mmoja ambaye hajakauka rangi.

"Huyu ni wa wapi?" akauliza.

"Wa jangwani, kukhu," Wakiuru akajibu, akitumia neno la Kibukusu la kumwita nyanya, alilojifunza kwa wagonjwa wake.

Bibi alimtazama askari yule kwa karibu. Halafu akasema, "Papa alibaki huko."

Papa ni baba yake, Mukhisa. Aliondoka wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Lenah akiwa na miaka minne hivi, akaenda kubeba mizigo ya jeshi katika jangwa la Afrika Kaskazini. Hakurudi. Mwenzake mmoja aliyerudi alikuja nyumbani akaeleza kwa maneno machache: walikuwa wanapakua maji kutoka kwenye lori, ndege zikaja, Mukhisa akazikwa hukohuko mchangani. Hapakuwa na picha yake. Hapakuwa na kaburi la kwenda kupalilia.

"Nilimuuliza huyo msichana," Lenah anaeleza sasa, kwake Sirisia, "kama anaweza kunionyesha hapo mahali. Nimezeeka. Siwezi kupanda ndege niende kutafuta mchanga wa watu. Nikasema, kama yeye anajua kutengeneza, si atengeneze nione kabla sijaenda."

Wakiuru alikubali papo hapo. Ivy alijitolea kununua rangi na mbao. Baada ya kazi na siku za Jumapili, ubao ule ukaanza kupata lori lenye urefu wa kiatu cha mtoto, madebe ya maji, na wanaume tisa wamejipanga wakipokezana. Rotich aliitwa kusaidia. Alijaza debe moja kwenye bomba la nyumbani kwake, akalibeba kuzunguka boma huku mkewe, Jepkorir, akimcheka.

"Angalia bega," alimwambia Wakiuru akihema. "Bega la upande mzito linashuka. Ukichonga askari amenyooka na amebeba maji, bana, hata mtoto atajua hayo madebe ni tupu."

Wakiuru alimweka Mukhisa mbele kabisa. Alimchongea uso mpana, wenye macho ya upole na tabasamu kidogo, akaupaka rangi kwa brashi yenye nywele tatu. Anakiri kwamba hakuwahi kuchonga uso mzuri kama ule.

Siku ya kuupeleka ubao Sirisia, meza ilisogezwa hadi dirishani. Lenah, ambaye macho yake yamepungua nguvu, aliinama karibu sana.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

"Ni baba yako, kukhu."

Bibi alitazama tena. Akatikisa kichwa. "Huyu simjui."

Ivy anasema alitamani ardhi immeze. "Nilimwambia, 'Kukhu, si ushukuru tu. Mama wa watu amehangaika na hii kitu.'"

Lenah hakurudi nyuma. "Nishukuru nini? Ati nimwite mtu wa wenyewe papa?"

Wakiuru aliirudisha kazi yake kwenye boksi. Anakumbuka kwamba alipofika Bungoma, akisubiri gari la Kitale na boksi mapajani, alilia mbele ya watu.

"Sikulia kwa sababu amekataa," anasema. "Nililia kwa sababu alikuwa na haki. Mimi nilijitungia mtu, halafu nikampelekea nikimwambia ni baba yake. Nilikaa naye chumba kimoja na sikumuuliza hata swali moja."

Wenzake walimshauri aachane nayo. Kuna wagonjwa, kuna watoto, na yule bibi ni mgumu. Yeye akaona vingine.

"Wacha nikwambie. Mtu akirudisha meno akasema yanamuuma, siwezi kumwambia mdomo wake ndio mbaya. Narudi kwa meza. Hiyo ndiyo kazi."

Alirudi Sirisia bila boksi. Alimkuta Lenah jikoni anachambua maharagwe, akaketi naye chini, akachambua pia. Ndipo akauliza: unakumbuka nini?

"Nikamwambia, uso sikumbuki," Lenah anasimulia. "Nilikuwa naona nyuma tu. Alikuwa ananibeba mabegani tukienda soko, na mimi nashika masikio yake. Yalikuwa makubwa, yamesimama hivi. Nikitaka twende huku, navuta hili. Nikitaka kule, navuta lile. Yeye anacheka na anafuata."

Kulikuwa na jambo jingine. Siku aliyoondoka, Mukhisa alitembea na wanaume wengine hadi barabarani, blanketi limekunjwa begani, na Lenah akasimama mlangoni na mama yake akimtazama anavyokwenda. Hakugeuka.

"Mama aliniambia alifanya makusudi," anasema bibi. "Alijua akigeuka nitalia, na nikilia hatatoka."

Usiku huo Wakiuru hakulala Kitale. Gari la mwisho lilikuwa limeondoka, naye akabaki kwa akina Lenah, wakaendelea kuzungumza.

Kumgeuza Mukhisa kulimaanisha kubomoa karibu nusu ya kazi. Lori lilihamishwa upande wa pili wa ubao. Wanaume waliokuwa wakitazama mbele walitazamishwa kwingine. Mukhisa mwenyewe aliyeyushwa juu ya taa ya spiriti, na nta yake ikatumika kumtengeneza upya.

Masikio ndiyo yaliyomtesa. Kichwa cha askari wa kipimo hicho hakizidi punje ya mahindi, na sikio lake ni kama mbegu ya ufuta. La kwanza lilivunjika. La pili lilitoka kubwa mno, mtu akawa kichekesho. Likiyeyuka kidogo tu kwa joto, lililala kichwani badala ya kusimama. Akaacha nta, akatumia plastiki ngumu ya meno bandia, akalisugua kwa msasa chini ya kioo cha kukuzia. Chepkemoi, daktari wa kliniki hiyo, anasema aliwahi kumkuta fundi wake amepiga magoti sakafuni na tochi, akitafuta sikio.

"Nikamwambia, 'Wakiuru, tengeneza lingine.' Akanijibu, 'Daktari, hilo ndilo lilikuwa limetoka sawa.' Ikabidi nami nipige magoti."

Walilipata chini ya mguu wa kiti.

Wakiuru alikwenda Sirisia mara ya tatu. Aliweka ubao mezani, upande wa migongo ukimwelekea bibi, akasogea kando.

Lenah aliinama. Mbele yake palikuwa na mchanga mweupe uliounguzwa na jua, lori, madebe, na wanaume wakifanya kazi. Mmoja alikuwa akitembea kuelekea lori, bega moja limeshuka, shingo nene, masikio yamesimama. Bibi alinyoosha mkono, Ivy akataka kumzuia, Wakiuru akamwashiria amwache. Kwa ncha za kidole gumba na cha shahada, Lenah alimshika yule mtu mdogo masikioni.

"Papa," alisema. Kisha akaongea naye kwa Kibukusu, kwa muda mrefu. Ivy hakutafsiri, na Wakiuru hakuuliza.

Baadaye, chai ilipokwisha kunywewa, bibi alimgeukia. "Na huko mbele, umemfanya aje?"

Mbele hakukuwa na kitu. Kwa kuwa hakuna aliyejua uso ule, Wakiuru aliuacha laini, bila macho wala mdomo.

"Sikumfanya, kukhu," alimjibu. "Sikujua."

"Ni sawa," Lenah akasema. "Na mimi sikumwona."

Habari ile ilienea. Jumapili iliyofuata majirani walikuja kutazama jangwa la Mukhisa, na miongoni mwao walikuwepo waliokuwa na baba mkubwa, babu au mjomba aliyekwenda upande huo na hakurudi. Wakiuru sasa ameomba kliniki impe Jumamosi zote, na amekodi chumba kidogo mjini Bungoma, mahali ambapo wazee wa Sirisia na Lwakhakha wanaweza kufika bila kuchoka. Anataka kujenga ubao mmoja mkubwa wa wanaume wa pande hizi waliobaki mchangani, kila mmoja akitokana na kitu ambacho mtu aliye hai bado anakikumbuka.

Hana muda mwingi, na anajua. Waliokuwa watoto wakati ule sasa wana miaka tisini au wanaikaribia. Wiki mbili zilizopita alifika kwa familia moja akaambiwa bibi aliyetaka kuzungumza naye amezikwa juzi.

"Nilikaa matanga, nikarudi," anasema. "Sasa siahirishi kwa mtu yeyote."

Jumamosi hii anakwenda Lwakhakha. Huko kuna mzee ambaye mjomba wake aliondoka na lori la jeshi, na kitu pekee anachokumbuka ni mluzi aliokuwa akiwapigia ng'ombe jioni.

Mluzi utachongwaje?

"Sijui bado," Wakiuru anasema, akifunga visu vyake ndani ya kitambaa. "Nimemwambia anipigie kwanza, nione mdomo unavyokaa."