Kitu kilichokuwa kinagonga nyuma ya ubao kwenye boti yangu, Ukerewe hadi Mwanza

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara kadhaa, maana najua humu kuna watu wa kucheka. Chekeni tu, ila sijaongeza chumvi hata punje.

Mimi ni mtumishi hapa Mwanza. Starehe yangu ni ziwa. Nina boti ya tanga, ile ya fiber yenye chumba cha kulala chini, niliinunua ikiwa imetumika sana.

(Kabla hamjauliza: aliyeniuzia yupo hai, mzima wa afya, na hakuna aliyefia humo.)

Sasa. Mimi na mke wangu Neema tulikwenda Nansio, kule Ukerewe, kumchukua mama mkwe. Alikuwa na miadi ya macho hospitali huku mjini, na feri inamchosha. Tukasema atalala vizuri kwenye boti.

Tuliondoka asubuhi. Upepo wa wastani, unatupiga kutoka kushoto, boti imelalia kulia kidogo, inakata maji vizuri. Neema kashika usukani. Mama yuko chini, kajilaza kitanda cha kushoto.

Mbele yetu wale wadudu wadogo wa ziwani, mamilioni kwa mamilioni, walikuwa wamepanda kama moshi wa tanuri. Mnaowajua mnawajua. Tukaingia katikati yao. Jua likafifia, nchi kavu ikapotea, hata sauti ya maji ikawa kama imefunikwa na blanketi.

Ndipo mama akaniita.

"Baba, huku nyuma ya ubao wa ukuta mmemweka nani?"

Nikashuka. "Hakuna mtu mama. Ni boti tu inalia."

"Boti hailii halafu ikasubiri ujibu."

Wakuu, nikatulia nisikilize. Ko. Ko-ko. Kimya. Ko. Ko-ko. Kimya. Kama mtu mwenye adabu zake anabisha hodi.

Mama akanitazama bila hofu yoyote, akasema taratibu, "Mimi nimemgongea, akanijibu."

Nikataka kucheka, kicheko kikakataa. Nikakunja kidole nikagonga ubao mara mbili.

Kimya.

Halafu, kutoka ndani, mara mbili.

Nikamwambia mama atoke akakae nje na Neema. Aliinuka bila ubishi, rozari mkononi, akasema, "Na mimi naona anataka nitoke hapa."

Nikachukua bisibisi, nikaanza kufungua ule ubao wa ukutani. Skrubu zilikuwa zimekaza kweli, wadudu wananiingia mdomoni.

Ubao ukatoka.

Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na kile kipande cha chuma bapa kilichofungwa kwa bolti kwenye ubavu wa kushoto wa boti. Juu yake, nje, ndipo inaposhikwa waya inayozuia mlingoti usianguke. Kwa nje kinang'aa stenlesi safi, nilikuwa nakipangusa kila wikiendi.

Kwa ndani, maji yalikuwa yamepenya kidogo kidogo miaka yote. Mchirizi wa kutu umeshuka mpaka chini, mwekundu, kama jeraha. Na pale kwenye tundu la bolti chuma kilikuwa kimepasuka karibu chote. Kimebaki kijisehemu cha ukingoni tu.

Boti ikipanda wimbi, ufa unafunguka. Ikishuka, unafumba. Kama mdomo wa mtu anayetafuta neno.

"Neema! Geuza! Upepo uje kulia, sasa hivi!"

Hakuuliza. Boti ikageuka, ikalalia upande wa pili, waya ya kushoto ikalegea. Nikapanda mbio, nikashusha tanga zote. Kamba ya kupandishia tanga inatoka kileleni mwa mlingoti, nikaivuta nikaifunga kwenye chuma kingine imara cha kushoto, isaidie kazi ya ile waya. Tukawasha injini, tukaja mdogo mdogo.

Mlingoti ule ungekatika, ungemwangukia Neema palepale kwenye usukani. Njia nzima nilikuwa namwangalia.

Tulifika salama. Mama macho yakapimwa.

Siku ya kukitoa kile chuma, nilipokwangua gundi na kulegeza bolti ya mwisho kikakatika chenyewe, vipande viwili mkononi. Nikafungua vyuma vingine vyote vya boti nzima, viwili zaidi vina nyufa nyembamba kama unywele. Fundi Masanja, mchonga vyuma wa hapa mjini, akachonga vipya, vinene zaidi. Tukaweka bolti mpya, tukaziba upya kila tundu la sitaha.

Ni yeye aliyeniharibia usingizi. Aliona mabaki ya gundi ngumu iliyokizunguka kile cha zamani, akanigeukia.

"Bosi, umesema kilikuwa kinagonga?"

"Ndiyo."

"Hiki kilikuwa kimegandishwa juu mpaka chini. Ufa ulikuwa unacheza, sawa, ila chenyewe hakina nafasi ya kugonga kitu. Na huo ubao umesema ulikuwa umekaza."

Nikachukua vile vipande vyangu viwili, nikaondoka.

Funzo: wenye boti, fungueni mbao. Usiamini chuma kwa kung'aa kwake nje, kinaliwa pale usipopaona. Na mzee akisema anasikia kitu, shuka ukasikilize kabla hujambishia.

Boti inatembea fresh. Sauti haijarudi. Ule ubao sijaurudisha, ukuta nimeuacha wazi. Neema anawaambia wageni ni ili tukague chuma kwa urahisi.

Na mimi huwa nawaambia hivyohivyo.

Mabaharia na mafundi mliomo humu, nipeni maelezo ya kitaalamu. Nitashukuru sana nikiyapata.