Gari la Shitanda Lisilo na Injini

Watu wa mtaa wetu wa Kaloleni wakimtaja mume wangu husema, "Yule Shitanda wa gari la kuchaji," halafu wanacheka. Mimi sicheki. Leo nitasema yote, na anayetaka kucheka acheke nikimaliza.

Shitanda alikuwa mtu wa betri. Miaka tisa alifanya kazi katika ghala moja la pamba hapa Kisumu, karibu na bandari, akitunza gari dogo la kubebea marobota. Gari lile halikujua petroli. Lilikuwa na betri sita kubwa chini ya kiti na mota moja huko nyuma, basi. Kila jioni analiunganisha na umeme, asubuhi anaongeza maji ya betri, nalo linakwenda siku nzima bila moshi wala kelele. Mwaka wa sabini na tatu ghala likafungwa. Wenyewe wakamwachia gari pamoja na chaja yake, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kulitumia. Alifika nalo mlangoni jioni, nikamuuliza, "Na kazi?"

"Kazi imekwisha, Mama Maximilla. Lakini gari nimepata."

Ala! Mtoto ndiyo kwanza ameanza shule, na mwanamume ananiletea toroli! Kwao Kabras shamba lilikuwa limegawanywa kwa ndugu zake mpaka likaisha. Bila kazi mjini hatukuwa na pa kwenda, na hilo alilijua vizuri kama mimi.

Bahati ikaja kwa njia mbaya. Mwaka uliofuata petroli ilipanda bei, mara ikakosekana kabisa, watu wakawa wanapanga foleni na madebe. Mzee Oketch, mwenye bekari kule chini mjini, gari lake la mkate likasimama uani. Akasikia habari za Shitanda, akaja kwetu mwenyewe, akalizunguka lile gari mara mbili.

"Hii inaweza kufikisha mkate Kondele kabla ya saa moja asubuhi?"

"Inaweza, Mzee."

"Basi leta karatasi zake zikiwa sawa, nikujaribu wiki moja. Ukinifaa, kazi ni yako."

Siku hiyo nililisamehe lile toroli. Shitanda alipitisha waya mnene dirishani, akafunga swichi yake ukutani, akaanza kuchaji hapo nje. Taa za majirani zikawa zinafifia. Awuor wa nyumba ya pili aliita kupitia ukutani, "Mama Maximilla, ng'ombe wenu amekunywa stima yote? Tuachieni hata tone!" Nikamjibu avumilie, karibu atakula mkate wa moto.

Kumbe kilichotungoja kilikuwa ofisi ya kukagua magari. Fomu ilikuwa na mahali pa kuandika namba ya injini. Shitanda akaandika "hakuna". Mkaguzi akairudisha.

"Fomu haijajazwa."

"Nimejaza, bwana. Gari hili halina injini. Linakwenda kwa betri."

"Kila gari lina betri. Mimi nauliza injini."

Nenda, rudi. Njoo kesho. Njoo Jumatatu. Mume wangu alikwenda mara tano. Mara ya tatu alimchorea mota kwenye karatasi, mara ya nne akamwendeshea gari mbele ya dirisha lake, likapita kimya kabisa. Mkaguzi akasema anaona watu wanalisukuma. Watu gani? Alikuwa Shitanda peke yake, tena amekaa! Mara ya tano nilikwenda naye, na yule bwana hakunitazama hata usoni. "Mama, leteni gari lenye injini," akasema, akafungua gazeti.

Mzee Oketch akatuma neno kwamba hawezi kungoja zaidi ya Ijumaa. Ndipo Shitanda akaenda kwa Simiyu, makanika aliyekuwa na mabati ya magari mabovu karibu na Kibuye, akarudi na injini ya gari la Morris iliyokufa zamani. Wanaume wanne waliibeba. Akaifunga kwa boliti nyuma ya kiti. Haikuunganishwa na kitu chochote, ilikaa tu pale inanuka oili ya zamani.

"Umerukwa na akili?" nikamwambia.

"Anataka namba. Namba hii hapa."

Mkaguzi akainama, akaisoma ile namba, akaigonga injini kwa kalamu. "Mbona imenyamaza?"

"Imezimwa, bwana."

Akaiandika kwenye kadi ya gari, akapiga muhuri. Dakika tano tu, baada ya wiki saba za kutuzungusha.

Jumatatu tukapakia mkate. Nilikwenda naye ili nishuke kugawa madukani. Barabarani kwenye tambarare tulikwenda vizuri, lakini ile barabara ya kupanda kwenda Kondele ilitushinda. Betri zilikuwa zinavuta mkate, zinatuvuta sisi wawili, tena zinavuta mzoga wa Morris. Gari likapunguza mwendo mpaka likasimama. Tulisukuma mpaka juu na watoto wa shule wakitupita, tukafika saa mbili. Wenye maduka walikuwa wameshauza mandazi, mkate wetu hakuna aliyeutaka. Mzee Oketch alisema, "Shitanda, nakuheshimu. Lakini kesho ikiwa hivi, nachukua mkokoteni."

Jumanne likasimama palepale. Shitanda akashuka, akaweka mabega tayari kusukuma. Mimi nikachukua spana chini ya kiti.

"Unafanya nini?"

"Naitoa hii takataka."

"Usiitoe! Ndiyo iliyo kwenye kadi."

"Kadi italisha mtoto?"

Nikafungua boliti moja baada ya nyingine, mikono imejaa oili, huku ananisihi. Hakunishika mkono. Angetaka angenizuia, ni mtu mwenye nguvu, lakini mkate ulikuwa unapoa na sote wawili tulijua maana yake. Vijana waliokuwa wanapita walitusaidia kuishusha, tukaiacha kando kwa mwanamke mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani, atutunzie. Gari likapanda ile barabara kama halikubeba kitu. Saa moja kasorobo tulikuwa Kondele. Niliruka chini na mikate kifuani nikipiga vigelegele barabarani, sikuona haya hata kidogo.

Tuliporudi kwa yule mwanamke, injini haikuwapo. Watu wa vyuma chakavu walikuwa wamepita, naye alidhani ni sisi tumewatuma.

Siku kumi na moja tulifanya kazi. Kazi ikawa yake, Mzee Oketch alimpa mkono mbele ya wapishi wote, akakubali tufunge mahali pa kuchaji pale bekari. Shitanda alipitisha waya mwenyewe, akaweka soketi kubwa ukutani juu kidogo maji ya kuosha sakafu yasiifikie, ili gari lichaji mchana na jioni lipeleke mzunguko wa pili mpaka hospitali. Wafanyabiashara wengine wawili walikuja kumuuliza kama anaweza kuwafungia kitu kama kile, maana nao petroli imewachosha. Usiku alikuwa analala usingizi wa mtu aliyeshiba.

Siku ya kumi na mbili koplo wa barabarani alitusimamisha. Akasoma kadi, akatazama nyuma ya kiti, akatazama chini.

"Injini iko wapi?"

"Haina, afande," akasema Shitanda.

"Kadi inasema inayo. Umeiuza? Ama hili gari ni la wizi?"

Nikaanza kueleza, koplo akaniambia ninyamaze. Gari likavutwa kwa kamba mpaka uani kwa polisi, na mkate ndani yake.

Hapo ndipo mateso yenyewe yalipoanza. Betri za namna ile hazitaki kuachwa zikiwa tupu. Ukiziacha bila kuchaji zinaganda ndani, na zikishaganda hazirudi. Kila Jumamosi Shitanda alibeba chaja begani, akaenda kituoni kuomba. Hakuomba gari. Aliomba saa chache tu za umeme, alipie mwenyewe. Mkubwa wa pale alimjibu jambo moja kila mara: "Hicho ni kielelezo cha kesi. Hakiguswi."

"Kitakufa, bwana."

"Gari linakufaje?"

Kesi iliahirishwa kwa sababu hakimu yuko likizo. Ikaahirishwa tena kwa sababu faili halionekani. Mara ya tatu koplo alikuwa amehamishiwa Port Victoria. Miezi saba! Mzee Oketch alingoja mmoja, akachukua mkokoteni, na petroli iliporudi akatengeneza gari lake. Shitanda akawa anabeba magunia sokoni Kibuye, mtu wa betri miaka tisa. Na katika miezi yote hiyo hakunilaumu hata siku moja kwa ile spana. Nilikuwa natamani anigombeze. Nilipika vibaya makusudi, nikamjibu ovyo, nikitafuta ugomvi. Yeye anakula, anasema asante, ananawa.

Siku ya hukumu hakimu alikuwa mgeni, mzee mwenye miwani. Alimsikiliza koplo, aliyeitwa kutoka Port Victoria, mpaka mwisho, akafungua kitabu, akasoma kimya, akainua macho.

"Nioneshe mahali palipoandikwa kwamba gari lazima liwe na injini ya petroli."

Koplo akaanza kupekua daftari lake.

"Kuna mota, na inaendesha magurudumu. Sheria haitaki zaidi ya hapo. Hiyo injini nyingine, bwana Shitanda, nani alikwambia uiweke?"

Shitanda akajibu, "Fomu, mheshimiwa."

Watu wakacheka mahakamani. Hakimu hakucheka. Akasema hakuna kosa, turudishiwe gari letu siku hiyohiyo.

Tulikwenda uani. Mkubwa wa kituo alitia sahihi, tena kwa heshima, akatuonesha soketi iliyokuwa karibu na mlango wa ofisi yake. "Sasa unaweza kuchaji upendavyo," akasema.

Shitanda alifungua kifuniko cha kiti. Betri zote sita zilikuwa zimevimba, na mbili zimepasuka, unga mweupe umejaa juu yake. Hata chaja hakuitua begani. Alisimama akizitazama, nami nikasema moyoni, sasa atasema, na aseme.

"Kageha," akaniita, na haniitagi kwa jina. "Kumbe siku ile ya spana ulikuwa sawa."

Sawa! Nilipiga bati la gari kwa mkono mpaka vidole vikafa ganzi, nikapiga kelele hata askari wote wakatoka kutazama. Sawa inanisaidia nini? Kisha, kwa kuwa walikuwa wanataka kufunga lango, nikazunguka nyuma, yeye akashika usukani kwa mkono mmoja, tukalisukuma gari letu mpaka barabarani.