Sadaka Niliyoitoa kwa Mabega ya Mwenzangu

Nimekosa, wenzangu, wala sina wa kumsingizia. Shetani mwenyewe nadhani alinitazama akashangaa!

Mama yangu alipofariki, mwaka ule reli ilipokuwa ikijengwa, niliweka mtungi mkubwa wa maji barazani kwetu, mtaa wa Kuze. Mpita njia yeyote anywe, thawabu zimfikie mama kaburini. Mahamali, wabeba mizigo wa forodhani, walikunywa wakamwombea. Na mimi dirishani, kichwa kimevimba kwa sifa!

Lakini mtungi haujijazi wenyewe. Aliyeujaza ni Heri, mchukuzi wetu wa maji, aliyekuja na mzega wake kutoka kisimani, madebe mawili kwenye mti begani. Maji ya jikoni nilimlipa. Ya barazani, hata pesa moja sikumpa.

"Bibi, na haya ya mlangoni nitalipwa ni nani?" aliniuliza siku moja.

"Utalipwa ni Mngu," nikamjibu. "Ama wewe hutaki thawabu?"

Akajitwika mzega akarudi kisimani. Angefanyaje, maskini? Kazi ya jikoni ilikuwa mkononi mwangu. Miaka mitatu alileta mizega minne ya bure kila siku, na jua lile la kaskazi! Kila mzega wa bure ni mmoja aliokosa kumuuzia jirani. Nilijua. Nikajitia hamnazo.

Kifua kikamshika. Akaja vivyo hivyo, anakohoa, na mimi namhimiza mtungi usikauke siku ya Ijumaa. Ijumaa hiyo alianguka njiani, madebe yakamlalia. Siku ya tatu akafa, akazikwa.

Nikaenda matangani na kikapu cha mchele. Mkewe, Zafarani, akakisukuma kando mbele za watu.

"Bibi, twaa mchele wako, sikukuomba. Heri alinambia kabla hajafa: maji yale hukuyalipia, basi si yako. Ameyatoa yeye, sadaka yake mwenyewe. Mamako hana lake hata tone."

Wallahi, nilitamani ardhi inimeze! Alisema kweli. Nimemnyima Heri ujira wake, nikamnyima mama thawabu, na mtu amekufa. Ole wangu! Na mtaani bado naitwa mkarimu.

Jamani, wewe unayetaka kusifiwa kwa sadaka, mlipe kwanza anayekubebea. Mlipe angali hai, angali anakuuliza. Mimi nimekwenda kwa Zafarani mara nne na ujira wa miaka yote mitatu. Hafungui mlango.